Boma la Mawe la Ikoma na Maboma ya Wazee Wetu

Katika mazungumzo haya tunataka kuwapeleka kwenye kilima kimoja kilicho kusini ya Mugumu, karibu na lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti. Juu yake pana husuni ya mawe iitwayo Fort Ikoma. Walioijenga ni Wadachi, yaani Wajerumani, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mtu asimamaye hapo hufahamu upesi kwa nini mahali hapo palichaguliwa, maana mbuga imetandaa chini yake, na mlinzi aliweza kumwona ajaye angali mbali.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Tangu zamani boma ni uzio wa miti, miiba au mawe unaozunguka mji au zizi la ng'ombe. Wadachi walipojenga husuni zao, watu waliziita maboma kwa sababu ya kuta zake. Baadaye hata ofisi ya serikali isiyo na ukuta wo wote ikaitwa Boma. Basi neno moja limebeba mambo mawili, na yafaa tuulize juu ya kila boma: Nani alilijenga, naye alikuwa akimwogopa nani?

Tuanze na la zamani zaidi. Ng'ambo ya mpaka wa Tarime, katika nchi ya Kenya upande wa Migori, kuna boma kubwa liitwalo Thimlich Ohinga. Wataalamu wanakadiria kwamba lilijengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi zaidi ya 4, wala hazikutiwa chokaa wala udongo. Mafundi walipanga mawe ya nje na ya ndani, kisha nafasi ya katikati wakaijaza mawe madogo, na jiwe likashikwa na jiwe jenzie. Milango waliifanya mifupi, hata adui hakuweza kuingia ila kwa kuinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Mwaka 2018 boma hilo liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Turudi kwetu. Katika nchi ya Wangoreme na Waikoma, wazee wa karne ya 19 nao walizungushia baadhi ya vijiji vyao kuta za mawe. Zamani watu walikaa wametawanyika, kila ukoo mahali pake. Lakini mashambulio ya Wamaasai yalipozidi, na njaa na maradhi yakafuata, walikusanyika pamoja wapate kujilinda. Hawakuwa na mfalme wa kuwaamuru. Waliongozwa na wazee na marika, na vijana wa rika moja waliitwa pamoja kwa ulinzi. Kwa hiyo kuta hizo ni ushahidi kwamba watu wasio na mtawala mmoja waliweza kupatana na kufanya kazi kubwa.

Sasa tuitazame tena husuni ya Ikoma. Hiyo haikujengwa ili kuwalinda wenyeji. Aliyekaa ndani ni mgeni pamoja na askari wake, na aliowaangalia kutoka juu ya ukuta ni wenyeji wenyewe. Kutoka katika maboma ya namna hiyo zilitoka amri za kodi, iliyoanzishwa katika mwaka 1898, na za kazi za lazima. Tena Wadachi waliweka machifu katika makabila ya Mara ambayo hayakuwa na machifu, kwa kuwa walitaka mtu mmoja wa kumpa amri.

Vita Kuu ya kwanza ilifika mpaka hapo. Katika mwaka 1917 kikosi kimoja cha Wadachi kilijitenga na jeshi lao na kuelekea kaskazini. Kiongozi wake, Wintgens, aliugua akajitoa kwa Wabelgiji, na Naumann akashika mahali pake. Mwezi wa Juni kikosi chake kilipigana na jeshi la Wabelgiji hapo Ikoma, na Wabelgiji wakapata hasara kubwa. Kabla ya mwaka kwisha Naumann naye alishikwa. Lakini tukumbuke kwamba askari walio wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika: hawa wa nchi hii, na wale wa Kongo. Majina ya maofisa yameandikwa vitabuni. Ya askari na wapagazi, mengi yamepotea.

Huenda mtu akasema, Kama husuni hii ni alama ya kutawaliwa, ya nini kuitunza? Tumjibu kwa mfano wa Waskoti. Wao wana ngome mashuhuri juu ya mwamba katika mji wa Edinburgh. Waingereza waliwahi kuishika ngome hiyo, na mwaka 1314 Waskoti wachache waliukwea mwamba usiku wakaitwaa. Wakabomoa kuta zake, adui asipate kuitumia tena. Baadaye ngome ikajengwa upya, na leo wageni wengi huizuru. Waskoti hawaifichi habari ya kushindwa kwao, bali huisimulia pamoja na ya kushinda, nao ndio wasimuliaji.

Jambo hilo ndilo lililobaki kwetu. Husuni ya Ikoma ina jina katika ramani na vitabu, kwa sababu waliokaa ndani yake walijua kuandika. Kuta za wazee wetu hazina mwandishi. Jiwe likiondolewa ukutani kwenda kujengea msingi wa nyumba, na mzee ajuaye habari zake akifariki, hakuna kitabu cha kufungua. Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wa Mugumu, Tarime na kwingineko: waulizeni wazee ukuta wa kijiji chenu ulijengwa na rika gani. Upimeni kwa kamba, urefu na kimo, mwandike katika daftari pamoja na jina la mzee aliyewaambia. Na mawe myaache mahali pake.