Jeraha Lisilotoka Damu: Tangu Zamani Mwanamke Alimwambia Nani?



Mwanamke wa kisiwani akisema anataka kumuona mtaalamu wa ushauri nasaha kwa sababu ya mambo aliyotendwa, mara nyingi hujibiwa kwa maneno matatu. La kwanza, huo ni uzungu. La pili, imani yako imepungua, ongeza sala. La tatu, usitoe siri za nyumba. Akiendelea kusisitiza, huongezwa na la nne la kejeli: kwani unataka kupelekwa Kidongo Chekundu?

Mimi ni fundi wa nguo, si daktari wala si mwanachuoni. Lakini napenda kusoma historia, na kila nikisoma naona kuwa majibu ya maneno haya yalikwishatolewa zamani. Kwa hiyo leo tuifungue historia, tuone mwanamke aliyeumizwa alikuwa akimwambia nani, na nani alimsikiliza vizuri. Tukilijua hilo, tutajua pia mtaalamu wa kumtafuta ni wa namna gani.

Bibi Khawla hakuambiwa arudi akavumilie

Tuanze Madina. Bibi Khawla bint Tha'laba aliolewa na Aws bin Samit. Siku moja mume alikasirika akamfananisha na mgongo wa mama yake. Hiyo ndiyo dhihari, desturi ya zama za ujinga. Mwanamke aliyefanyiwa hivyo alibaki ananing'inia: si mke wa kukaa na mumewe, si mtalaka wa kwenda kuolewa kwengine.

Bibi Khawla hakukaa ndani akalia peke yake. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akaeleza shida yake, akajadiliana, na akamshitakia Mwenyezi Mungu. Ikashuka sura nzima, ya 58, Al-Mujadila, ambayo jina lake linatokana na yule mwanamke mwenye kujadiliana. Aliyesema neno lile akawekewa kafara: kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge miezi 2 mfululizo, asiyeweza alishe masikini 60.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa yeye alikuwapo pembeni ya nyumba ile ile na baadhi ya maneno ya Khawla hakuyasikia. Mimi najifunza mambo mawili hapo. Shida ya mwanamke ilisikilizwa kwa utulivu mpaka mwisho. Na ilisemwa kwa sauti ya chini, kwa mtu anayestahiki kuambiwa. Stara ilikuwapo, na kusema kulikuwapo.

Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ametolewa katika wale wanaokatazwa kutangaza maneno mabaya. Basi kueleza dhulma uliyofanyiwa kwa mtu wa kukusaidia si umbea. Hilo ndilo jibu la wanaosema unatoa siri za nyumba.

Tabibu wa Balkh

Sasa tuje kwa wanaosema kutibu nafsi ni uzungu. Katika mji wa Balkh, ambao leo uko Afghanistan, aliishi Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu kiitwacho *Masalih al-Abdan wal-Anfus*, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: chakula, usingizi, makazi. Sehemu ya pili ni ya nafsi: hasira, khofu, huzuni na wasiwasi.

Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa wakati wake kwa kushughulika na mwili tu. Alisema mtu ana mwili na nafsi, na kimoja kikiugua chengine hudhurika. Alitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomshika mtu bila kujua imetoka wapi. Akaeleza kuwa dawa ya nafsi ni namna mbili: ile ya ndani, mtu kujizoesha fikra njema kabla msiba haujamfika, na ile ya nje, maneno ya mtu mwengine anayejua kuzungumza naye. Hiyo ya nje ndiyo tunayoiita leo ushauri nasaha. Ilikuwa imekwishaandikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mambo hayakuishia vitabuni. Damascus ilijengwa hospitali ya Nur al-Din mwaka 1154, na Cairo ikajengwa ya Sultani Qalawun mwaka 1284, iliyopokea wanaume na wanawake na kuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Hospitali hizi ziliendeshwa kwa wakfu. Waislamu walitoa mali zao kwa thawabu ili mgonjwa wa nafsi apate pa kulala na wa kumhudumia. Anayekwambia sala peke yake inatosha, muulize kwa nini wacha Mungu wale walijenga hospitali.

Wazungu wenyewe walichelewa kuamini

Wale wanaosema ni uzungu wangeshangaa kujua jinsi madaktari wa Ulaya walivyolikimbia jambo hili.

Mwezi wa Aprili 1896, mjini Vienna, Sigmund Freud alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza habari za wagonjwa 18. Alisema kuwa chanzo cha maradhi yao ni kuingiliwa walipokuwa watoto. Wenzake walimpokea kwa ubaridi. Mwaka uliofuata, 1897, alimwandikia rafiki yake barua kuwa haiamini tena rai ile. Baadaye ikawa kawaida kudhani kuwa mwanamke anayesimulia mambo hayo anasimulia ndoto zake.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika juu ya askari wa Uingereza waliorudi kutoka mapigano wakitetemeka, wengine hawaoni, wengine hawakumbuki. Baada ya vita vya Vietnam, askari wa Marekani nao walirudi na jinamizi na kushtuka ovyo. Kwa kuwa hawa walikuwa wanaume mashujaa, ilikuwa vigumu kusema wanajitia.

Habari za wanawake zilikuja kuandikwa vizuri na wanawake wenyewe. Muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walikuwa wakienda hospitali ya mji wa Boston kila anapoletwa aliyebakwa. Walizungumza na wanawake 92, na mwaka 1974 wakatoa maelezo yao: khofu, kukosa usingizi, ndoto mbaya, kushtuka, kukimbia nyumba. Zilikuwa dalili zile zile za askari. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaiingiza hali hiyo rasmi katika kitabu chao cha maradhi. Kwa Kiswahili tunaiita kiwewe.

Mwaka 1992 daktari Judith Herman akaandika kitabu kinachosomwa mpaka leo. Alieleza kuwa kupona kuna hatua 3. Kwanza, usalama. Pili, kukumbuka na kuomboleza. Tatu, kurudi katika maisha na watu. Akasisitiza kuwa mwenye jeraha ndiye mwenye kushika usukani, kwa sababu udhalilishaji ulimnyang'anya uwezo wa kuamua. Ukimlazimisha, hata kwa nia njema, unamrudisha kule kule.

Na sisi wa Zanzibar?

Hapa kwetu watu hawakukaa kimya. Miaka ya 1920 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliimba wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyechukuliwa ngomani, akadhalilishwa na kuuawa. Mtuhumiwa akavuka bahari akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliogeuziwa kibao. Pasipo na pa kushitakia, taarab ikawa mahakama. Mji mzima ulisikia, na bado tunakumbuka. Lakini wimbo haumpi mtu usingizi usiku.

Tulikuwa pia na somo, ambaye wengine humwita kungwi. Bi harusi alikabidhiwa kwake, naye alimjua mwali kuliko mama yake anavyomjua. Somo mzuri alikuwa hazina, kwa sababu alikuwa mtu mzima mmoja ambaye msichana angeweza kumwambia kila kitu. Lakini somo alifunza kuishi na mume. Hakufunzwa kumtibu msichana aliyeumizwa na mjomba au jirani alipokuwa na miaka 9. Mara nyingi neno lililobaki mkononi mwake lilikuwa moja tu: vumilia.

Kadhi naye yupo, na wanawake wa Zanzibar tangu zamani wanakwenda kwake kudai haki zao bila woga. Kadhi anaweza kukupa talaka na matumizi. Jinamizi si kazi yake.

Mwaka 2011 kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha vikafuata vyengine. Maana yake ni kuwa aliyedhalilishwa akutane na daktari, polisi na mnasihi pahala pamoja, asizungushwe ofisi hii na ile akirudia kisa chake mbele ya kila meza. Jina lenyewe lina hekima. Unashikwa mkono na mmoja mpaka ufikishwe kwa mwengine.

Ninachokiona kwenye utepe wa kupimia

Kazi yangu inanikutanisha na mabi harusi. Wapo ambao ukiwagusa bega kwa nyuma wanaruka. Wapo wanaotaka gauni lifunikwe alama ya moto isiyo ya jikoni. Wapo wanaolia wakiulizwa tarehe ya nikaha, na si machozi ya furaha. Harusi haifuti jeraha. Mume mwema anaweza kuwa faraja kubwa, lakini si haki kumtwika kazi ya daktari, na si salama kwa msichana kuingia chumbani na khofu asiyoijua jina.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni bora uanze kutafuta msaada hata kama mahari imeshaletwa.

Namna ya kumchagua mtaalamu

Haya niliyoyatoa katika historia ndiyo ninayoyatumia kama vipimo.

Aanze na usalama. Mtaalamu mzuri atakuuliza kwanza: unaishi na nani, aliyekuumiza bado anakufikia? Anayekwambia usamehe kabla hajajua kama leo usiku utalala salama, ameruka hatua.

Asikuharakishe kusimulia. Ukitaka kusema kidogo leo na kingine mwezi ujao, hiyo ni haki yako. Mwanzoni huenda mkashughulika na usingizi na pumzi tu.

Awe amesomea. Muulize bila haya: umesomea wapi, umewahi kuwatibu wenye kiwewe, unatumia njia gani? Kusikiliza kwa huruma ni jambo zuri, hata mimi fundi naliweza, lakini halitoshi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake, na tiba za kuzungumza zinazolenga kiwewe chenyewe zimo. Mwenye elimu hatakasirika kuulizwa.

Ahifadhi siri, na akueleze mipaka yake. Akikwambia kuwa mtoto akiwa hatarini lazima atoe taarifa, huyo anajua kazi. Kama anakusimulia visa vya wateja wengine, ondoka. Kesho atasimulia chako.

Aiheshimu dini yako. Si lazima awe Mwislamu, ila asiione sala yako kuwa ndiyo maradhi. Una haki ya kuomba mwanamke mwenzio, na mlango ambao mtu akipita hawezi kuyasikia maneno yenu, kama Bibi Aisha asivyoyasikia yote ya Khawla.

Jihadhari na anayetaka mfungiane ndani peke yenu kwa kisingizio cha kukutoa shetani, anayekugusa, anayekupiga au anayetaka umlipe ili asiseme. Ruqya ni Qur'ani na dua. Haihitaji mwanamume kukushika mwili, na haihitaji uache hospitali.

Pa kuanzia ni pengi. Kama tukio ni jipya, nenda hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono upesi, kabla ya kuoga au kufua nguo ulizovaa, kwani ushahidi na dawa vina saa zake. Kama ni la zamani, muulize daktari wa hospitali ya wilaya au afisa ustawi wa jamii akuelekeze kwa mnasihi. Ikiwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure. Mnasihi wa kwanza asipokufaa, tafuta wa pili. Gauni lisipokukaa vizuri hubadilisha fundi, huachi kuvaa nguo.

Na wewe ambaye rafiki yako atakuja kukuambia, usimuulize alivaa nini wala alikwenda kufanya nini. Mwambie, nakuamini, na si kosa lako. Kisha mshike mkono umpeleke.

Mwenyezi Mungu, aliyesikia maneno ya Khawla, anasikia na yetu tunayoyasema chini ya mto usiku. Amponye kila mwenye jeraha, ampe mtu mwema wa kumsikiliza, na azilinde nyumba zetu na dhulma. Amin.