Simulizi Rasmi na Uamuzi wa Mchezaji katika Michezo ya Video

Kanoni ya ulimwengu wa mchezo wa video ni yale matukio ambayo matoleo ya baadaye hulazimika kuyahesabu kuwa yalitokea. Katika riwaya suala hili si zito, maana wasomaji wote hufikishwa kwenye mwisho uleule. Mchezo humwachia mchezaji hatamu, na watu wawili huweza kuumaliza wakiwa na historia zinazokinzana. Anayebanwa ni mwandishi wa toleo linalofuata: aendeleze historia ya nani?

Daggerfall, mchezo wa kampuni ya Bethesda uliotoka mwaka 1996, unalionyesha tatizo hili waziwazi. Mwishoni mchezaji huamua nani apewe uwezo wa kuliamuru Numidium, jitu la shaba linaloweza kuangusha falme. Wanaoumezea mate ni watawala wa Daggerfall, Wayrest na Sentinel, Gortworg mfalme wa maorki, mchawi Mannimarco, na Dola yenyewe, na si hao tu. Kila chaguo lina hatima yake.

Waandishi wa matoleo yaliyofuata hawakumteua mshindi. Vitabu vinavyosomwa ndani ya Morrowind (2002) na Oblivion (2006) vinaeleza kwamba wakati wenyewe unaweza kuvunjika, na kwamba kule magharibi, mahali pa kisa cha Daggerfall, mambo yote yalitokea kwa pamoja: maorki walipata nchi yao, falme kubwa zikawameza majirani wadogo, Mannimarco akawa mungu. Ndiyo maana katika Oblivion mchezaji humuua Mannimarco mwenye mwili wa kufa, ilhali mwezi unaohusishwa na uungu wake unaabudiwa na wafuasi wake. Ni hila ya kijanja, lakini ina gharama: ikiwa kila uamuzi ulitimia, hakuna uamuzi uliokuwa na uzito. Deus Ex: Invisible War (2003) ulichanganya miisho mitatu ya mtangulizi wake bila kujisumbua kutafuta kisingizio cha namna hiyo. Mass Effect: Andromeda (2017) ulilikimbia tatizo kabisa, ukawapeleka wahusika kwenye galaksi nyingine, tena kwa safari iliyoanza kabla ya matukio ya toleo la tatu la Mass Effect.

Njia nyingine ni tamko la mwenye mali. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic (2003) mchezaji huchagua jinsia ya Revan, mhusika mkuu, na upande atakaoshika, wa wema au wa uovu. Kumbukumbu rasmi baadaye zilimfanya mwanamume aliyerudi kwenye wema, na waliocheza vinginevyo wakabaki na historia isiyotambuliwa. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, ambayo tayari ilikuwa mali ya Disney, iliviondoa katika kanoni karibu visa vyote vya nje ya filamu na mfululizo wa The Clone Wars, Revan akiwemo.

Tamko, hata hivyo, lina mipaka. The Old Republic, mchezo wa mtandaoni ulioanza mwaka 2011 na unaomshirikisha Revan, uliendelea kuongezewa visa vipya baada ya tamko hilo. Mwaka 2019 jina la Revan lilirejea katika kitabu rasmi cha The Rise of Skywalker, likiwa jina la kikosi cha askari wa Sith, kundi la upande wa uovu. Kwa hiyo kanoni mpya inakiri kwamba palikuwa na Revan. Jinsia yake na upande aliouchagua havikutajwa humo, na hapo mchezaji wa mwaka 2003 amerudishiwa nafasi yake.