Gombo la Mao la Shilingi Elfu Saba

Septemba 2020 wezi waliingia kwenye nyumba ya mkusanyaji mmoja kule Hong Kong wakabeba stempu, sarafu na magombo ya kaligrafia. Gombo moja lilikuwa mwandiko wa Mao Zedong mwenyewe, urefu wake kama mita 2.8. Liliishia kuuziwa jamaa fulani kwa dola 500 za Hong Kong, yaani kama shilingi 7,000 zetu za wakati huo. Jamaa alidhani ni feki. Tena lilikuwa refu mno kwa ukuta wa nyumba, kwa hivyo likakatwa katikati. Polisi walipolipata lilikuwa vipande viwili.

Magazeti yalitaja thamani ya dola za Marekani milioni 300. Mimi hiyo siiamini. Haikutoka mnadani, hakuna mtu aliyewahi kuinua mkono akasema nitalipa hiyo. Mwaka 2010, gombo la Huang Tingjian, bingwa wa enzi ya Song, mtu wa miaka 900 na zaidi iliyopita, liliuzwa Beijing kwa yuan milioni 436.8, kama dola milioni 64, na dunia nzima ikashangaa. Sasa Mao awe karibu mara tano ya Huang Tingjian? Zii. Lakini pia shilingi 7,000 ni uongo. Na karatasi ni ile ile, wino ni ule ule.

Kila nikiandika kuhusu minada kuna mtu huniambia Wachina wana pesa za kuchezea, ati unalipaje mamilioni kwa maneno manne kwenye karatasi. Swali si la kijinga. Ila ni la zamani kuliko minada yenyewe.

Mwaka 1759, mwandishi na mchoraji wa Yangzhou aitwaye Zheng Xie, ambaye alikuwa ameshatoka kwenye kazi ya serikali, alichoka kuombwa kazi za bure. Akaandika orodha ya bei, hadharani. Kazi kubwa liang 6 za fedha, ya wastani 4, ndogo 2, upepeo wa mkononi nusu liang. (Liang moja ni kama gramu 37.) Akaongeza kwamba zawadi na vyakula si lazima, fedha ndiyo inamfurahisha. Ukiwa unafanya kazi ya mtandaoni hapa Kenya, ambapo mtu mzima na suti yake anataka kukulipa kwa "tutakutangaza", huyu mzee utampenda.

Na ile tabia ya kupima kwa ukubwa haikuisha. Hadi leo wafanyabiashara wa China hupiga hesabu kwa pingchi, mraba wenye upande wa kama sentimita 33. Ukubwa mara jina. Rahisi kama kununua vigae. Shida yote iko kwenye hilo jina: nani analipa jina uzito?

Baada ya 1949 biashara ya sanaa za zamani iliingia mikononi mwa maduka ya serikali, halafu 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni na watu wakachoma magombo yao wenyewe kwa hofu. Nyumba ya mnada ya China Guardian ilianzishwa 1993 na ikafanya mnada wake wa kwanza 1994. Kwa hivyo soko tunaloliona ni changa, bana. Linanizidi umri kidogo tu.

Mtu anayenifundisha zaidi kuhusu soko hilo ni Qi Gong. Alizaliwa 1912, mjukuu wa mbali wa mfalme Yongzheng, lakini ufalme ulikuwa umeanguka na babake akafa yeye akiwa mtoto mdogo. Hakumaliza sekondari. Mwaka 1933 msomi Chen Yuan alimpa kazi ya kufundisha, wakubwa wakamtoa kwa sababu hana cheti. Chen Yuan akamrudisha, wakamtoa tena. Mwaka 1938 akarudi mara ya tatu, na safari hii akabaki. Mwaka 1958 akabandikwa jina la mpinga chama. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alikuwa ananakili mabango ya siasa ya watu wengine, na baadaye akafanya utani kwamba mwandiko wake ulikomaa huko, kwenye mabango.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mnaelewa kwa nini hapo kwa vyeti nilisoma mara mbili. Lakini sitaki kudanganya mtu: Qi Gong hakufika kwa kukosa cheti. Alifika kwa sababu alikuwa ameangalia kazi za zamani nyingi mno, na kuanzia 1983 alikuwa kwenye kundi dogo la wazee lililozunguka China likikagua magombo ya makumbusho na kuamua lipi ni la kweli. Yule yule asiye na karatasi ndiye akawa wa kuzipa karatasi uhalali. Bei za mnadani hutembea juu ya macho ya watu kama hao kuliko juu ya uzuri wa mwandiko.

Halafu kuna jina la aina nyingine. Hu Changqing alikuwa naibu gavana wa mkoa wa Jiangxi, na alipenda brashi. Wenye biashara wa Nanchang walimlipa vizuri awaandikie majina ya maduka, mwandiko wake ukajaa mjini. Machi 2000 alinyongwa, sorry, aliuawa kwa hukumu ya kesi ya rushwa. Mabao yakang'olewa. Herufi zilikuwa hazijabadilika hata moja! Wachina wana neno yahui, rushwa ya kistaarabu, na mbinu yake ni safi: badala ya bahasha unampa mkubwa gombo, kisha "mnunuzi" analichukua mnadani kwa bei ya juu. Au unanunua mwandiko wake. Ndiyo maana mimi nikiona kazi ya mtu aliye madarakani imepanda bei ghafla, siulizi kama ni nzuri. Nauliza ana muhula wa miaka mingapi.

Sasa feki. Brashi ya kaligrafia hairudi nyuma. Karatasi inanyonya wino papo hapo na huwezi kupaka juu. Kwa hivyo mkaguzi hutafuta kasi: mwigaji huenda polepole, na wino unamsema. Anaangalia muhuri, anaangalia gombo limepita mikononi mwa nani. Qi Gong alipokuwa mzee, miandiko feki yenye jina lake ilijaa vibandani Beijing. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita, akiulizwa kama ni zake, anacheka na kusema hizi ni nzuri kuliko zangu. Watu hupenda hicho kisa, hata mimi. Ila mwenye kununua ile feki hakucheka.

Kwa sababu sheria ya minada ya China, kifungu cha 61, inasema hivi kwa ufupi: kama nyumba ya mnada imetangaza mapema kwamba haiwezi kuhakikisha uhalisi, haina lawama. Mwaka 2005 mtu alinunua picha yenye jina la mchoraji Wu Guanzhong kwa yuan milioni 2.53. Wu alikuwa bado hai. Mwaka 2008 alipelekewa picha yenyewe, akaiangalia, akachukua kalamu akaandika pale pale kwamba si kazi yake, ni bandia, akatia sahihi.

Ushahidi gani tena unataka? Mnunuzi akaenda mahakamani Beijing na maneno ya msanii mwenyewe mkononi. Kesi ikatupwa mwaka huo huo. Tangazo la mapema lilikuwepo, pesa hazikurudi, na akabaki na picha feki ambayo sasa ina sahihi moja ya kweli.