Mtoto mteuzi wa chakula na namna ya kumlisha bila vita

MTAA wa Spring Valley, ulioko Westlands magharibi mwa jiji la Nairobi, si mahali ambapo nyumba nyingi hukosa chakula. Soko la Kangemi liko ng'ambo ya barabara ya Waiyaki Way, maduka makubwa ya Westlands hayako mbali, na sukuma wiki, viazi na ndizi hupatikana kwa mama mboga. Hata hivyo, katika nyumba za mitaa kama huu kuna kilio kinachojirudia jioni baada ya jioni: mtoto amefumba kinywa, amegeuza uso upande, nacho chakula kimepoa sahanini.

Nchini Kenya, mjadala kuhusu lishe ya watoto umehusu zaidi uhaba. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, ingawa idadi hiyo ilikuwa imepungua kutoka 26 mwaka 2014. Mtoto mteuzi wa chakula ana tatizo la namna nyingine. Hakukosa chakula, bali anakikataa. Mzazi aliyelelewa akiambiwa kuwa chakula hakichezewi huona ukaidi huo kuwa utovu wa adabu, akaukabili kwa nguvu. Aghalabu hapo ndipo jambo dogo hugeuka kubwa.

Kwa nini mtoto hukataa

Sababu ya kwanza ni ukuaji wenyewe. Katika mwaka wa kwanza, uzito wa mtoto huongezeka hadi takriban mara tatu ya ule aliozaliwa nao: aliyezaliwa na kilo 3 hufikia kilo 9 hivi anapotimiza mwaka. Baadaye kasi hiyo hupungua, naye huongeza takriban kilo 2 tu kila mwaka hadi anapokaribia umri wa kwenda shule. Mwili usiokua kwa kasi hauhitaji chakula kingi. Mzazi anayekumbuka bakuli la uji lililokuwa likimalizwa miezi michache iliyopita hudhani mtoto ni mgonjwa, kumbe tumbo limesema limetosheka.

Sababu ya pili ni hofu ya chakula kigeni. Hofu hii huonekana zaidi kati ya umri wa miaka miwili na sita. Wataalamu wengi huiona kuwa kinga ya kimaumbile: mtoto aliyekwisha kujua kutembea anaweza kuokota jani au tunda lenye sumu, hivyo ni salama kwake kutilia shaka asichokijua. Kwa sababu iyo hiyo, ladha chungu humkera tangu utotoni, ilhali utamu humvutia bila kufundishwa.

Tatu, kuna urithi. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa maelfu ya watoto pacha na kuchapishwa mwaka 2007 ulibaini kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya watoto katika hofu ya vyakula vigeni hutokana na urithi wa wazazi. Si haki, basi, mama kunyoshewa kidole kila mwanawe anapokataa mboga. Lakini urithi si hukumu isiyobadilika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti kwa urahisi zaidi walipoanza kulishwa. Mafunzo ya ulimi huanza kabla ya kijiko cha kwanza.

Yaya na sahani tupu

Katika nyumba nyingi za Spring Valley, mtu anayemlisha mtoto mara nyingi zaidi si mama wala baba, bali ni yaya. Wazazi huondoka asubuhi na kurejea jioni baada ya kukwama katika msongamano wa magari. Swali la kwanza mlangoni huwa: "Mtoto amekula?" Kwa mwajiri, hilo ni swali la upendo. Kwa mwajiriwa, ni mtihani ambao kibarua chake kinaweza kuutegemea.

Anayepimwa kwa sahani tupu atatafuta njia ya kuifanya iwe tupu. Wapo watakaowasha runinga ili mtoto ameze bila kujua anachomeza. Wapo watakaomkimbiza na kijiko nyumba nzima, na wengine watampa biskuti na chupa ya maziwa ili jibu liwe "ndiyo". Njia mbaya kuliko zote ni ile ya kumshika mtoto kwa nguvu, kumbana pua na kummiminia uji. Uji huo unaweza kuingia kwenye njia ya hewa na mapafu, ukamdhuru vibaya au hata kumwua. Hata anaponusurika, mtoto hujifunza kuwa kijiko ni adui.

Mzazi anaweza kuondoa shinikizo hilo kwa kubadilisha swali. Akiuliza, "Leo alipewa nini, na alionja kipi?" anampa yaya nafasi ya kusema ukweli. Taarifa ya kweli kwamba mtoto alikula vijiko viwili vya ndengu na kukataa wali ina manufaa kuliko sahani iliyomalizwa kwa hila.

Nani aamue nini

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alieneza kanuni ambayo imekubalika katika nchi nyingi. Kwa mujibu wake, mlezi ana kazi tatu: kuamua chakula kitakachoandaliwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Mtoto naye ana kazi mbili: kuamua kama atakula, na kiasi atakachokula. Vita mezani huzuka pale kila upande unapoingilia kazi ya mwenzake, mzazi akilazimisha tonge la mwisho au mtoto akiagiza chipsi kila siku.

Kanuni hii haimaanishi kumwachia mtoto jikoni. Mapema katika karne ya 20, daktari Clara Davis wa Chicago aliwafuatilia watoto 15 walioachwa wajichagulie chakula wenyewe. Katika ripoti yake ya mwaka 1939 alieleza kuwa walikua vizuri, ingawa mlo wa mmoja haukufanana na wa mwingine. Siri ilikuwa kwenye orodha: vyakula vyote 34 walivyowekewa vilikuwa vya asili, bila sukari ya kuongezwa. Watoto walichagua, lakini mtu mzima ndiye aliyeamua wachague kati ya vitu gani.

Kwa utekelezaji wa kila siku, mambo yafuatayo husaidia:

Ratiba. Milo mitatu na vitafunio viwili, vikitenganishwa kwa muda wa saa mbili au tatu, humfanya mtoto afike mezani akiwa na njaa. Kati ya hapo apewe maji tu.

Kipimo kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri chatosha kuanzia. Mtoto wa miaka mitatu apakuliwe vijiko vitatu, na akitaka zaidi aongezwe. Sahani iliyojaa pomoni humkatisha tamaa kabla hajaanza.

Chakula kimoja anachokijua. Kila mlo uwe na angalau kitu ambacho mtoto hukubali, kama vile ugali, chapati au viazi, pamoja na kile kigeni. Hapo hakuna haja ya kumpikia chungu chake pekee.

Muda. Dakika 20 hadi 30 zatosha. Muda ukiisha, sahani iondolewe bila hasira wala mahubiri, na mtoto angoje mlo unaofuata.

Subira. Tafiti zimeonyesha kuwa mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Kugusa, kunusa na kulamba ni hatua. Bandu bandu huisha gogo.

Kutotoa hongo. Mwanasaikolojia Leann Birch wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kumtuza mtoto ili ale kitu fulani humfanya akipende kidogo zaidi. Anayeambiwa "maliza mboga upewe aiskrimu" huelewa kwamba mboga ni adhabu. Mtafiti huyo pia alibaini kuwa watoto wadogo walioketi na wenzao waliopenda mboga tofauti walianza kuichagua mboga hiyo. Jambo hili halitawashangaza watu wa pwani, ambako watoto wamezoea kuzunguka sinia moja na wakubwa, wakiiga mkono wa jirani.

Mboga chungu na hekima ya jikoni

Mboga za kienyeji zina sifa ya uchungu, hasa managu na saga. Wapishi wa Kenya walilitambua hilo kabla ya maabara kulieleza. Katika maeneo ya magharibi, mboga hizo huchemshwa na kuungwa kwa maziwa ili kuupunguza uchungu. Pwani, mchicha hupikwa kwa nazi. Katika eneo la kati, majani ya malenge hupondwa pamoja na viazi na mahindi yakawa mukimo, na mtoto anayekataa mboga peke yake huweza kuila humo bila kelele. Ni vyema, hata hivyo, aendelee pia kuiona mboga yenyewe sahanini, kwani asichokiona hawezi kukizoea.

Katika jambo hili yaya anaweza kuwa mwalimu. Mtoto anayekataa chakula cha mezani hushangaza watu kwa kumega ugali na managu kutoka sahani ya yaya wake, kwa kuwa hapo hakuna anayemtazama wala kumhesabia matonge. Badala ya kumkemea, mwenye nyumba angefanya vyema kumwalika yaya apike mboga hiyo kwa ajili ya wote, na ale pamoja na mtoto.

Maziwa na chai

Maziwa ni chakula bora, lakini yakizidi huwa kizuizi. Mtoto mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja anayekunywa zaidi ya nusu lita hivi ya maziwa ya ng'ombe kwa siku hushiba na kukosa nafasi ya nyama, maharagwe na mboga. Maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha, na matokeo yanaweza kuwa upungufu wa damu. Chai inayonywewa pamoja na chakula nayo hupunguza kiasi cha madini hayo kinachoingia mwilini. Juisi na soda huua hamu ya kula. Njugu nzima zisipewe watoto wadogo kwa kuwa huwapalia, zisagwe.

Wakati wa kumwona daktari

Si kila anayekataa chakula ni mteuzi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), ambaye ametumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji, ameeleza kuwa alipokuwa mtoto mwili wake haukuvumilia vyakula kadhaa vitokanavyo na wanyama, na hivyo alikuzwa kwa mboga. Mtoto wa aina hiyo akilazimishwa anaumizwa.

Mzazi anashauriwa kufika kliniki na kijitabu cha afya ya mama na mtoto ikiwa mstari wa uzito kwenye grafu umelala au kushuka. Ikiwa mtoto hupaliwa, hutapika, huvimba midomo au hutokwa na vipele baada ya kula. Ikiwa amepauka na kuchoka. Au ikiwa idadi ya vyakula anavyokubali inazidi kupungua. Minyoo, meno yanayouma, mafindofindo na kufunga choo pia huondoa hamu ya kula. Baadhi ya watoto wenye usonji hushindwa kuvumilia vyakula kwa sababu ya mguso au harufu yake. Aidha, tangu mwaka 2013 madaktari wa Marekani wameorodhesha ukwepaji wa chakula uliokithiri, usiotokana na hofu ya kunenepa, kuwa maradhi yanayohitaji matibabu.

Kwa mtoto mwenye afya, dawa iliyo bora ni watu wazima kuwa na sauti moja. Mama, baba, nyanya na yaya wakubaliane kuhusu saa za kula, vitafunio vinavyoruhusiwa na neno litakalosemwa mtoto anapokataa. Makubaliano hayo yaandikwe na kubandikwa jikoni, pamoja na orodha ya vyakula ambavyo mtoto ameonja na idadi ya mara. Siku yaya anapoondoka na mwingine kuingia, orodha hiyo ibaki, ili mtoto asianze upya na mgeni ambaye hajui kwamba ndengu zilikwisha kuonjwa mara tisa.