Seli za masti: historia ya walinzi waliodhaniwa maadui

Kwa miaka mingi mzio umeelezwa kuwa ni kosa la mwili: kinga inakurupuka kupambana na karanga au chavua isiyo na madhara, na mwenye mwili ndiye anayeumia. Katika maelezo hayo seli za masti, zinazokaa kwenye ngozi, mapafu na utumbo, zimebebeshwa lawama nzito, kwa kuwa ndizo zinazomwaga kemikali zinazoleta muwasho, uvimbe na kubanwa pumzi. Hukumu hiyo imeegemea upande mmoja. Anayefuatilia historia ya vimeng'enya vya kukata protini vilivyomo ndani ya seli hizi ataona kwamba zilihukumiwa kabla ushahidi haujatimia, na kwamba ulinzi ni sehemu kubwa ya kazi yake.

Aliyezitambulisha ni Paul Ehrlich, mwanafunzi wa udaktari wa Ujerumani, katika tasnifu yake ya mwaka 1878 iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Leipzig. Alizipaka tishu rangi mpya za viwandani, akaona seli zilizojaa chembechembe zilizogeuza rangi ya buluu kuwa zambarau. Alidhani zinahusiana na lishe ya tishu, na kwa muda mrefu hapakuwa na maelezo bora zaidi. Mwaka 1953 James Riley na Geoffrey West, wakifanya kazi Dundee, Scotland, walionyesha kwamba seli hizo ndizo ghala la histamini. Kwa kuwa dawa za kuzuia histamini zilikuwa zimeshaanza kutumika hospitalini, macho ya watafiti na madaktari yalielekea huko, na jina la seli za masti likafungamana na mzio.

Hata hivyo, chembechembe zile zilikuwa na shehena kubwa zaidi. Mwaka 1959 Earl Benditt na Margaret Arase walieleza kimeng'enya cha seli za masti kinachofanana na kile cha kongosho kinachosaga protini za chakula. Leo kinaitwa kaimesi. Kingine, triptesi, kilisafishwa kutoka seli za mapafu ya binadamu na Lawrence Schwartz na wenzake mwaka 1981, na ikabainika kuwa kinachukua sehemu kubwa mno ya protini yote ya seli. Mwaka 1998 umbo lake lilionekana waziwazi: vipande vinne vimeshikana na kufanya pete, na sehemu zote nne za kukatia zimeelekea ndani ya tundu la katikati. Kwa umbo hilo, vizuizi vikubwa vya vimeng'enya vinavyozunguka katika damu haviwezi kupenya na kukizima. Mwili usingeweka akiba kubwa hivyo ya silaha isiyozimika kirahisi kama hauna kazi nayo.

Hospitalini, triptesi iliingia kwa mlango wa ugonjwa. Mwaka 1987 Schwartz na wenzake walionyesha kwamba kiwango chake hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na anafilaksia, yaani mzio mkali unaoweza kuua. Histamini hutoweka katika damu ndani ya dakika chache, lakini triptesi hudumu kwa saa kadhaa, hivyo daktari anaweza kuipima hata mgonjwa akichelewa kufika. Kipimo hicho kina faida kubwa, ila kiliizidishia lawama: kimeng'enya kinachopimwa mtu anapokuwa taabani lazima kitaonekana ndicho kilichomfikisha hapo.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja mwaka 2006. Martin Metz, Stephen Galli na wenzao walichunguza panya waliodungwa sumu ya nyuki na ya nyoka, mmoja wa nyoka hao akiwa wa jamii ya Atractaspis, ambayo spishi zake nyingine zinaishi Afrika Mashariki. Panya wasio na seli za masti walidhurika na kufa zaidi kuliko wenye nazo, na kimeng'enya kingine cha seli hizo, kaboksipeptidesi, kilionekana kuwa nguzo ya kinga hiyo kwa kuikatakata sumu. Mwaka 2011 kaimesi ya panya ilionyeshwa kupunguza makali ya sumu ya nge. Kisha mwaka 2013 ikathibitika kwamba hata kingamwili ya IgE, ile ile inayochochea mzio, iliwasaidia panya kustahimili dozi ya sumu ya nyuki ambayo ingewaua.

Wapo watakaosema panya si mtu, na kweli vimeng'enya vyake havilingani kimoja kwa kimoja na vyetu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulitumia triptesi ya binadamu yenyewe, nayo ikaweza kudhoofisha sumu za nyoka wa aina mbalimbali. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anafilaksia inaua, na mlinzi anayemuua mwenye nyumba hafai kusifiwa. Jibu ni kwamba kinga yoyote yenye nguvu ina hatari yake: homa kali hudhuru na usaha hujaza jipu, lakini hatusemi mwili ungekuwa salama bila kinga iliyovileta. Madhara ya anafilaksia hutokana na seli nyingi kumwaga shehena yake kwa mkupuo mwili mzima, ilhali penye mwiba mmoja wa nyuki kazi hiyo hufanyika pale pale kwenye ngozi.

Haya hayamruhusu yeyote aliyeumwa na nyoka kubaki nyumbani akitegemea seli zake. Awahi hospitali, kwa sababu dozi ya sumu inaweza kuizidi kinga hii. Yanawataka watafiti wanaobuni dawa za kuvizima vimeng'enya hivi wapime pia kile ambacho mgonjwa atakipoteza. Kinachotakiwa ni kuzirudi seli za masti zinapokosea, bila kuzinyang'anya silaha inayotukinga na sumu.