Kusemezana na Kompyuta

Mwanafunzi wa Gwata, Mkoa wa Pwani, afunguaye leo lugha ya Python katika kompyuta huona alama tatu zielekeazo kulia, zikimngoja aseme. Akiandika 2 + 3 na kubonyeza kitufe cha kupeleka, hujibiwa 5 papo hapo. Wataalamu huiita zana hiyo sheli. Walakini neno hilo Tanzania limekwisha kutwaliwa na vituo vya mafuta, na mgeni wa elimu hii ana haki ya kushangaa.

Upesi huo wa jawabu haukuwako tangu awali. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za namna ile zililishwa kadi zilizotobolewa matundu. Mtu aliiandika kazi yake yote, akaikabidhi kwa wenye mashine, akangoja. Kosa la tundu moja liliweza kuirudisha kazi nzima mikononi mwake.

Mwaka mmoja kabla, saa kumi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, lugha ya BASIC ya John Kemeny na Thomas Kurtz ilitenda kazi kwa mara ya kwanza. Kompyuta moja iligawa wakati wake baina ya watu wengi, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Walimu hao hawakuwakusudia wanahesabu tu. Walitaka hata mwanafunzi wa fasihi aithubutu.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Uhaba wa fedha za kigeni ulikuwa hoja nzito, na hapana haja ya kuidharau. Hata hivyo, vijana wa miaka ile walikosa kitu kikubwa kuliko mashine: nafasi ya kukosea mara mia bila ya kuonwa na mtu.

Nafasi hiyo ndiyo aipatayo mwanafunzi wa Gwata. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum wa Uholanzi mwaka 1991, humruhusu kuandika magunia = 12, kisha bei = 60000, kisha magunia * bei, akaona 720000. Akisahau kuitaja bei kwanza, huambiwa kuwa jina hilo halijulikani. Lakini huambiwa kwa Kiingereza; na yeye, aliyefundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, hana budi kulifumbua onyo kabla ya kulisahihisha kosa.