Swali la Maji ya Moto na Chuo cha Mweka

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala fupi kuhusu swali la kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, yenye waandishi wawili: Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, na Erasto Mpemba, ambaye anwani yake ilikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, kilichopo Mweka, katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1963, baada ya Ilani ya Arusha ya Septemba 1961 (isichanganywe na Azimio la Arusha la 1967), ambayo kwayo Tanganyika iliahidi kuwalinda wanyamapori wake, na kazi yake ilikuwa kuwafunza Waafrika ambao wangesimamia hifadhi badala ya maofisa wa kikoloni. Hakikuwa chuo cha fizikia, na jaribio lililoelezwa katika makala halikufanyika hapo. Lakini ndipo alipokuwa akisoma mtu aliyelibeba swali hilo kwa miaka sita.

Swali lilizaliwa mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walitengeneza aisikrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa finyu, na Mpemba, wakati huo kidato cha tatu, alipomwona mwenzake akiwahi kwa kuweka maziwa yasiyochemshwa, aliingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa, ingawa wauza aisikrimu wa mjini Tanga, kama alivyokuja kuambiwa baadaye, walikuwa wakitumia mchanganyiko wa moto makusudi.

Baadaye, katika Shule ya Mkwawa, Iringa, somo la joto lilimfikisha Mpemba kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, isemayo kwamba kasi ya kitu kupoteza jotoridi, yaani kipimo cha ukali wa joto lake, hulingana na tofauti kati ya jotoridi lake na la mazingira yake. Kwa kanuni hiyo peke yake maji ya moto hayawezi kushinda, kwa sababu ni lazima yapite kwanza pale maji ya baridi yalipoanzia. Mwalimu wa huko naye alishikilia hivyo, akaiita hoja hiyo fizikia ya Mpemba, na darasa zima likaifanya mzaha. Hata hivyo kanuni hukichukulia kitu kana kwamba kina jotoridi moja tu tangu juu hadi chini, jambo ambalo si kweli kwa maji yaliyomo katika chombo. Kosa basi halikuwa la Newton, bali la kuifanya kanuni ya kukokotolea kuwa ukuta wa kuzuia maswali.

Osborne alipotembelea Mkwawa aliulizwa na Mpemba kwa nini maji ya digrii 100 huganda kabla ya yale ya digrii 35. Wanafunzi walicheka, lakini Osborne aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na fundi wa maabara alipoona maji ya moto yametangulia kuganda aliahidi kulirudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Majaribio ya Osborne yalionyesha kwamba muda hadi barafu ya kwanza ulikuwa mrefu zaidi kwa maji yaliyoanza karibu na digrii 25, na mfupi sana kwa yaliyoanza karibu na 90. Utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa muda mrefu, dalili kwamba joto lilitoka zaidi kupitia uso wa maji. Na kiasi cha maji kilichopotea kwa uvukizi, yaani kugeuka mvuke, hakikutosha kueleza tofauti hiyo. Maelezo yaliyobaki yalikuwa mikondo: maji ya moto, yakiwa mepesi, hupanda na kuufanya uso uwe na joto kuliko wastani wa chombo kizima, na uso huo ndio hutoa joto upesi.

Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipinga kuwapo katika maji kwa jambo hilo la ya moto kutangulia kuganda, linaloitwa kwa jina la Mpemba, wakionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto juu au chini kidogo tu kunaweza kuzua matokeo yanayofanana nalo. Miaka minne baadaye watafiti Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, waliona wazi jambo la aina hiyo, yaani kilichoanza na joto zaidi kupoa upesi zaidi, katika chembe ndogo zilizo ndani ya maji, bila barafu yoyote, na jina la Mpemba likaendelea kutumika.